Radhi za Mama na Pikipiki ya Mwana

Mwanangu aliponiomba radhi anunue pikipiki ya kasi, nilimjibu kwa neno moja tu: hapana. Hakubishana nami. Alikuwa na mwaka wa tatu kazini Dubai, fedha ni zake, na angeweza kununua bila mimi kujua. Lakini alisema, "Sawa, Mama. Bila radhi zako sinunui," akanyamaza. Miaka miwili ilipita asilitaje tena jambo hilo, na ule utii wake ukaniuma kuliko ambavyo ubishi ungeniuma.

Nilikuwa na sababu yangu. Mwaka 2009 mdogo wangu wa kiume aliondoka nyumbani kwetu Kibokoni baada ya sala ya alasiri, akaelekea Mtwapa kwa pikipiki. Magharibi haijaingia tukaletewa habari yake. Helmeti yake tulirudishiwa nzima, haina hata mkwaruzo, kwa kuwa alikuwa ameitundika kwenye usukani. Tangu siku ile, kila nilipoisikia pikipiki ikipita nililiona jeneza.

Mwaka jana nilikwenda kumzuru mwanangu. Jumamosi moja akaniuliza kwa adabu kama ningeridhia kwenda kutazama tu. Akanipeleka Dubai Autodrome, uwanja wa mbio uliofunguliwa mwaka 2004, ambao njia yake kubwa ya lami ina urefu wa zaidi ya kilomita 5. Siku ile hapakuwa na mashindano. Ilikuwa siku ya watu wa kawaida, wafanyakazi wa benki na mafundi wa umeme, waliolipa ada ili waendeshe pikipiki zao wenyewe mahali pasipo na lori, punda wala mtoto anayevuka barabara.

Rafiki yake alikuwa na Yamaha R7, na hiyo ndiyo aina aliyoitamani mwanangu. Nilitarajia kuona dude la kutisha. Nikaona pikipiki nyembamba, ya kimo cha wastani. Mwanangu akanieleza kwamba zile kubwa, zenye injini ya sentimita 1,000 za ujazo, nyingine hufikia nguvu za farasi 200. Hii iliyotoka mwaka 2021 ina injini ya silinda mbili ya sentimita 689, nguvu za farasi 73 hivi, na uzito wa kilo 188 ikiwa imejazwa mafuta.

"Sasa mbona usitamani ile kubwa?" nikamuuliza, nikidhani nimemnasa.

"Ile kubwa, Mama, ukikosea kwenye kona utaificha aibu yako penye njia iliyonyooka, kwa kuwa nguvu unazo. Hii haikufichi. Usipojua pa kushika breki na pa kuingilia kona, kila mtu atakupita."

Akaendelea kunifahamisha, nami kwa mara ya kwanza nikamsikiliza. Kabla ya hiyo palikuwa na R6 ya mwaka 1999, yenye silinda nne na sentimita 599. Utamu wake ulikuja pale injini ilipozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Uwanjani ilipendwa mno, lakini katika foleni za mjini ilichosha, na baada ya mwaka 2020 kanuni za moshi ziliiondoa katika barabara za Ulaya. Hii ya silinda mbili huvuta vizuri hata injini inapozunguka polepole. Siku za kazi humpeleka mtu ofisini, na mwisho wa juma hiyo hiyo ikaingia uwanjani. Hakunificha ila zake: mikono ya usukani iko chini, viganja huuma safari ikiwa ndefu, na kiti cha nyuma ni kidogo. "Wewe hutakaa, Mama," akasema, tukacheka.

Kilichonigusa zaidi ni utaratibu. Kila mmoja alivaa suti ya ngozi kutoka shingoni hadi miguuni, glavu, buti na helmeti. Waligawanywa kwa makundi, wanagenzi mbali na mahodari, na kila kundi likaendesha kwa dakika chache kisha likapumzika. Wote walikwenda upande mmoja. Bendera ya manjano ikipepea, hakuna kumpita mtu. Ikipepea nyekundu, wote hurudi. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama tayari.

Hata hivyo, sikudanganyika. Mwanangu alikua akimshangilia Kenan Sofuoglu, Mwislamu wa Uturuki aliyekuwa bingwa wa dunia mara tano katika mbio za pikipiki za daraja hili la kati. Ushindi wake alinihadithia tangu utotoni. Sikuwahi kuambiwa kwamba Sofuoglu alizika ndugu zake wawili: mmoja kwa ajali ya barabarani mwaka 2002, mwingine katika mazoezi ya pikipiki mwaka 2008. Niliposoma habari hiyo nililia kwa ajili ya mama yao. Uwanja hupunguza hatari; hauiondoi.

Jioni mwalimu mmoja alikuwa akiwafunza wanagenzi karibu na tulipoketi. Aliwaambia kwamba pikipiki huyafuata macho. Ukilikodolea shimo unaloliogopa, utaliingia. Ukitazama mwisho wa kona, pale unapotaka kutokea, itakufikisha. Nikakaa kimya muda mrefu. Miaka kumi na zaidi mimi nilikuwa nimelikodolea shimo moja, barabara ya Mtwapa, na kila aliyepanda pikipiki nilimwona akitumbukia humo. Sikuwahi kumtazama mwanangu na kule anakokwenda.

Usiku ule, baada ya isha, nilimwita. Nikamwambia radhi zangu anazo, kwa masharti matatu: ajifunze kwa mwalimu kabla ya kununua, kasi aiache uwanjani, barabarani aende kama watu, na kila afikapo aniarifu. Akaniinamia, akanibusu mkono. Sikusema kwamba khofu imeniondoka, maana haijaniondoka. Kutawakali hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake kwanza, na sisi wazazi kazi yetu mara nyingi ni kuhakikisha kamba imekazwa.

Alinunua R7 iliyokwisha tumika, kwa fedha zake. Helmeti nilimnunulia mimi, kwa zamu yangu ya chama cha akina mama, nikachagua iliyo bora dukani. Nilipomkabidhi sikumpa wosia mrefu. Nilimwambia, "Mwanangu, mahali pake ni kichwani."