Taa ya Bango
Bango la kanisa letu hapa Tabora lilipozimika, sisi wazee wa kanisa tulibishana juu ya taa mpya. Tyubu za zamani za wati 36 zilihitaji choki na stata. Za LED za wati 18 zingepunguza gharama ya LUKU. Wengi wetu tulitaka taa kali zaidi, jina letu lisomeke kutoka mbali.

Ndipo mama mmoja, aliyewahi kushuka usiku kwenye treni ya Kigoma, akasema, “Wazee wangu, bango lilipowaka jina nililisoma. Mlango ndio sikuuona.”

Tulinyamaza. Tulinunua zile za wati 18, na kwa fedha iliyobaki tukaweka balbu juu ya mlango. Tangu hapo, tukisoma Mathayo 5:15, tunamkumbuka mama yule gizani, nasi tunatubu.