Neria wa Ilomba

Kuna watu wakimwona mtu anarudia filamu aliyokwisha kuiona wanamhurumia. "Si umeshaiona hiyo? Si unajua stelingi anashinda?" Najua. Stelingi hafi. Mtoto yeyote aliyepita kwenye mabanda ya video ya Mwanjelwa pale Mbeya, au ya Mlandege kule Iringa, aliijua sheria hiyo kabla hajashika jedwali la kuzidisha. Lakini kama kujua mwisho ni sababu ya kutotazama, basi na Krismasi tusiende kanisani, maana hadithi ya kwenye zizi nayo tunaijua.

Mimi ni mrudiaji, tena sugu. Commando ya mwaka 1985 nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba nikiwa jikoni nasikia tu mlio na najua Schwarzenegger amefika wapi. Coming to America ya 1988 ndiyo dawa yangu siku ambazo mhariri amenikatia habari nusu. The Gods Must Be Crazy ya 1980 nilipokuwa mtoto ilinifanya nishike mbavu kwa ile chupa ya soda inayodondoka kutoka angani. Nilipoirudia nikiwa chuoni, nikiwa nimeshajua kwamba ilitengenezwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, nilicheka tena, halafu nikajikuta nimenyamaza pale watu weusi wenye silaha wanapoonyeshwa kama wapumbavu. Filamu ilikuwa ileile, wala hakuna aliyeigusa. Mtazamaji ndiye alikuwa mwingine.

Ndiyo maana narudia. Mara ya kwanza macho yanakimbizana na hadithi, unataka kujua nini kitatokea. Mara zinazofuata unapata nafasi ya kuwatazama watu, na wakati mwingine watu hao ni wa nyumbani kwako.

Filamu iliyorudiwa kuliko zote nyumbani kwetu haina kung'fu wala helikopta. Inaitwa Neria. Ni ya Zimbabwe, ilitoka mwaka 1993, mwongozaji Godwin Mawuru, na hadithi yake ilitungwa na mwandishi Tsitsi Dangarembga. Wengi wanaujua wimbo wake wa Oliver Mtukudzi bila kuijua filamu yenyewe. Neria, aliyeigizwa na Jesesi Mungoshi, amejenga maisha mjini pamoja na mumewe Patrick. Patrick anafariki ghafla. Shemeji mtu, Phineas, anakuja na kisingizio cha mila na kuanza kubeba kimoja baada ya kingine. Mama mkwe anatazama.

Sisi tulikuwa tunakaa Ilomba, Mbeya. Baba alikuwa Mhehe wa Iringa, mama Mnyakyusa wa Tukuyu. Baba alifariki kwa maradhi mwaka 2006, mimi nikiwa na miaka kumi. Kwa mikoa yetu miaka ile, kifo cha baba wa nyumba hakikuwa habari ya kumshtua jirani. Utafiti wa kitaifa wa 2003-04 ulionyesha kuwa watu wazima wenye virusi vya Ukimwi walikuwa asilimia 7 nchi nzima, lakini Mbeya ilikuwa ya kwanza kwa asilimia 13.5 na Iringa, wakati huo ikiwemo Njombe, ikaifuata kwa 13.4. Utafiti wa 2007-08 uliikuta Iringa imefika asilimia 15.7. Mtu anaweza kuzisoma tarakimu hizo kama takwimu za afya. Mtaani kwetu zilisomeka kwa wingi wa wanawake waliofunga vitambaa vyeusi kichwani, na kwa malori madogo yaliyokuja baada ya arobaini kubeba makabati.

Bibi mzaa baba alikuja kutoka upande wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, akakaa nasi kipindi cha maombolezo. Siku moja rafiki yake mama akaleta kanda ya VHS, nakala ya nakala, picha ina mvua mvua. Bibi hakujua Kiingereza. Mama alikijua cha kuungaunga. Kazi ya kutafsiri ikamwangukia dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili.

Aliyekulia nje ya Tanzania huenda asielewe dada alikuwa anafanya nini. Kwetu filamu ya kigeni ilikuwa haijakamilika mpaka ipate mkalimani. Watu kama Lufufu walipata jina nchi nzima kwa kuingiza sauti zao juu ya picha za Wachina na Wamarekani, na hawakuwa wakitafsiri tu. Waliwapa waigizaji majina ya kwetu, waliwatania, walionya, walieleza adui anawaza nini. Dada alikuwa amekulia humo. Akakaa kwenye kigoda karibu na runinga ya chogo, akaanza: "Huyu ndiye shemeji. Mwangalieni macho yake. Huyu hajaja kulia msiba." Bibi akatikisa kichwa.

Hapo ikaingia TANESCO. Mwaka 2006 ulikuwa mwaka wa mgao mkali, ukame umekausha mabwawa. Ukitaka kujua ugumu wa maisha ya Nyanda za Juu, fikiria hili: maji ya bwawa la Mtera yanatoka kwetu. Ruaha Mkuu unajikusanya kwenye bonde la Usangu, Mbeya, unapokea Ruaha Mdogo unaopita mjini Iringa, unaingia Mtera, kisha maji yaleyale yanakwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu. Mito yetu ndiyo ilikuwa ikitoa umeme, na sisi tukawa gizani na kanda imekwama ndani ya deki.

Matokeo yake ni kwamba kwa siku kadhaa hatukuwahi kufika mahakamani. Umeme ulikatika Phineas akiwa anabeba. Ukirudi, mama anairudisha kanda nyuma ili bibi aelewe vizuri, tunaanza upya, Patrick anakufa tena, Phineas anabeba tena, umeme unakatika tena. Bibi aliona vitu vya mjane vikichukuliwa mara tatu au nne kabla hajajua kwamba kuna siku vitadaiwa. Mara ya mwisho hakumtazama Neria kabisa. Alikuwa anamtazama yule mama mkwe, aliye sawa naye kwa umri, aliyekaa kimya wakati mwanawe anafanya anayoyafanya.

Tulipofika mwisho, Neria akapata haki yake kwa hakimu, dada akashangilia kama Taifa Stars imefunga. Bibi akauliza swali moja tu: "Na yule mama, aliyanyamazia yote yale kwa nini?" Dada hakuwa na tafsiri ya hilo.

Kikao cha ukoo kilikaa Iringa, nyumbani kwa baba mkubwa. Mimi nilikuwa nje na watoto wenzangu, lakini nyumba zetu hazina dari na maneno yanapita. Nilisikia orodha ikisomwa: baiskeli moja, cherehani moja, televisheni moja, deki moja. Runinga ile mama aliinunua kwa fedha za mchele aliokuwa akiufuata Mbarali na kuuza sokoni, na risiti ya duka la Uhindini ilikuwa na jina lake. Alikuwa amekuja nayo kwenye mkoba. Baba mkubwa akasema risiti si kitu, vitu vya nyumba ni vya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mwana wa ukoo. Wazee wakaguna kwa kukubali.

Ndipo bibi akasema. Hakupaza sauti. "Mimi nimeoneshwa picha huko Mbeya. Kuna bibi mle ndani anakaa tu. Mimi sitaki kuwa yule bibi." Hakuna mtu mle ndani aliyejua anazungumzia picha gani, isipokuwa mama na dada. Lakini walijua anamaanisha nini. Baiskeli ilibaki Iringa. Cherehani, runinga na deki vilirudi Mbeya nasi kwenye basi.

Sisemi filamu ndiyo iliyotuokoa. Bibi alikuwa na akili zake kabla ya Neria, na bila yeye ile risiti ingebaki kuwa karatasi. Tena ukisoma sheria unaelewa kwamba baba mkubwa hakuwa anatunga mila yake mwenyewe. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika wazi kwamba mjane hana sehemu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Sheria za ardhi za 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini Tamko lile halikufutwa nazo. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili waliokosa urithi kwa kanuni hizo, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Huko Zimbabwe sheria ya mirathi ilirekebishwa mwaka 1997, miaka minne baada ya Neria kutoka. Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama za mwanzo kama mwandishi, Mbeya na Iringa, nimesikia muhtasari wa kikao cha ukoo ukisomwa mbele ya hakimu. Mara nyingi mjane ametajwa mwishoni kabisa, na mara nyingi kuna bibi mmoja amekaa nyuma, kimya.

Mtukudzi alipofariki Januari 2019, ule wimbo ulipigwa kila redio na mimi nikawaza kuitafuta tena filamu. Nilikuja kuipata baadaye kwenye intaneti, nikaiweka kwenye flashi, nikaenda nayo Mbeya. Runinga ya chogo bado ipo. Haiwaki, lakini imefunikwa kitambaa cha kufuma na ndiyo meza ya runinga bapa aliyonunua kaka.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba dada alikuwa mtunzi. Nusu ya maneno tuliyokua tukiyanukuu nyumbani hayamo. Kuna msemo ambao kwetu ni kama aya ya Biblia, eti mwanasheria anamwambia Neria: "Mama, karatasi ni shahidi asiyekula rushwa." Kwa sababu ya msemo huo mama anatunza kila risiti, kila stakabadhi ya ada, hata za luku, kwenye kopo la biskuti. Nilisubiri mwanasheria auseme. Hakuusema. Nikampigia dada simu hapohapo. Akacheka mpaka mtandao ukakata. Aliporudi hewani akasema: "Sasa ningefanyaje? Bibi alikuwa anauliza huyo wakili kasema nini, na mimi neno moja sikulielewa."

Kitu cha pili ni mama. Nilidhani atalia alipolia zamani, pale Patrick anapozikwa. Hakulia. Nilidhani atamsonya Phineas. Alimsonya kidogo tu, kwa mazoea. Muda wote alikuwa kimya akimtazama mama mkwe, macho yaleyale niliyoyaona kwa bibi mwaka 2006. Bibi hayupo tena, tumemzika Kalenga. Na kaka yangu ameoa. Mama sasa ndiye bibi wa nyumba.

Filamu ilipoisha hakusema lolote kuhusu Neria. Alimwita kaka. "Kile kiwanja cha Iwambi, mkataba umeandikwa jina la nani?"

"La kwangu, mama."

"Na mwenzio?"

Kaka akaanza kueleza kwamba yeye na mkewe ni kitu kimoja, hakuna tatizo, mambo ya majina yatafuata. Mama akamwacha amalize. Kisha akamwambia kwamba baba yake naye alikuwa mtu mwema, na alikuwa na nia hiyohiyo ya kufuatilia baadaye.

Shemeji yangu alikuwa mlangoni amebeba sinia la chai. Hakujua aingie au arudi. Mama akamwambia: "Ingia mwanangu, kaa, hili ni lako pia."

Mkataba umeandikwa upya kwa majina mawili, mbele ya mashahidi, na nakala imeingia kwenye kopo la biskuti. Nikienda tena Mbeya mama ameniagiza nimpelekee Sarafina. Amesema ameshaiona mara nyingi, lakini zamani.