Kabla ya kununua printa, ulizia wino

Baba mmoja wa Ilala, mpenda kupiga picha, aliibiwa simu Mtaa wa Msimbazi. Picha zote za marehemu mama yake zikaenda nayo. Ikabaki moja tu ukutani, iliyosafishwa studio zamani.

Akaenda na bintiye Kariakoo kutafuta printa. Ya bei ndogo ilimvutia. Binti akauliza, "Baba, na wino wake bei gani?"

Muuzaji akacheka. Katriji ndogo huisha haraka, na seti mpya huweza kukaribia bei ya printa yenyewe. Wakachukua yenye matangi ya wino: kununua ghali, kuchapisha nafuu.

Kila Jumapili huchapisha picha moja ya rangi, wino usikauke. Bibi sasa hayuko peke yake ukutani.