Nani Aliosha Mtungi?

Ukimsoma Aniceti Kitereza, pombe haikauki. Mzee huyu wa Ukerewe, ng'ambo ya kivuko cha Kisorya ukitokea Bunda, alimaliza kuandika kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili kilitoka 1980. Mle ndani Myombekere anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi kwa wakwe ndipo arudishiwe mkewe. Ndoa nzima imening'inia kwenye mitungi! Niliporudia kukisoma nilikuwa na swali la kiumbea: je, ingechacha siku hiyo? Mtungi ulioshwa vibaya unatosha kabisa kuharibu mambo.

Shangazi yangu wa Iringo, hapa Musoma, hapiki ya ndizi. Yake ni ya ulezi na kimea, mara moja moja, ukoo ukikutana. "Pombe inaanzia kwenye kuosha, mwanangu," huniambia. Zamani alitumia mitungi ya udongo: anaisuuza kwa maji yanayochemka, anaianika juani, basi. Sasa ana ndoo za plastiki, na maji ya kuchemka yanazipinda. Ndipo jiki ilipoingia jikoni.

Mwaka jana binti wa jirani alikuja kumsaidia. Akaona ndoo bado inanuka pombe ya zamani, akamimina jiki bila kupima, kisha akakamulia ndimu ili kukata harufu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua. Sasa, jiki ikikutana na asidi, iwe ndimu au siki, inatoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika vitani Ypres mwaka 1915. Shangazi ana pumu. Alitoka nje akikohoa, machozi yanamtoka, akakaa uani hadi jioni akitafuta pumzi.

Tangu hapo nimekuwa nikiulizia na kusoma, kazi yangu ndiyo hiyo. Kwanza, kusafisha ni jambo moja na kuua vijidudu ni jingine. Utando wa pombe ukibaki ndani ya ndoo, dawa inaishia kupambana na uchafu na vijidudu vinabaki chini yake. Sugua kwa sabuni, suuza, ndipo utie dawa. Ndoo yenye mikwaruzo mingi ifanye ya kufulia tu, maana hakuna dawa itakayofika kwenye ile mifereji.

Jiki iwe ile isiyo na manukato. Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji baridi, dakika 20, kisha suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiposuuza, pombe itanukia hospitali. Fungua mlango, vaa glavu, na usiichanganye na kitu kingine chochote zaidi ya maji: si ndimu, si siki, si dawa ya choo, si kitu chenye amonia. Sufuria ya alumini usiiloweke humo, italika. Mtungi na kibuyu ndiyo kabisa, vinafyonza. Hivyo viachie maji ya moto na jua. Miiko na mifuniko unaweza kuipangusa kwa spiriti ya asilimia 70, mbali na moto wa mkaa tafadhali.

Ila kuosha kuna mpaka wake. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Kwanza ikasemwa ni nyongo ya mamba. Wachunguzi walikuja kukuta sumu ya bakteria aliyeota kwenye unga wa mahindi, sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi.

Nilipomsimulia shangazi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Huo unga ulikuwa umelowa?"