Vigae vya Iznik na gorfa ya Isiolo

Ukishuka kwenye basi mjini Isiolo, jua likiwaka na vumbi likitimka, macho yako hayatakosa kuiona minara ya msikiti. Baadhi ya wakazi wa mwanzo wa mji huu walikuwa askari wa Kisomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, nao walikuja na dini yao. Basi mgeni aliyewahi kuzuru Istanbul, Uturuki, akauona msikiti wa Sultan Ahmed na vigae vyake zaidi ya 20,000, huenda akauliza: je, Isiolo mafundi wa vigae wako wapi?

Hawako, wala si kwa kukosa ufundi. Vigae vile vilitoka mji mdogo wa Iznik. Mafundi walisaga jiwe jeupe la kwazi, wakalichanganya na udongo na unga wa kioo, wakachora maua kwa rangi ya buluu, feruzi na nyekundu. Juu yake walipaka tabaka ambalo tanurini liliyeyuka likang'aa. Sasa mpe fundi huyo ngamia, umwambie ahame kufuata malisho. Tanuri ataibeba vipi?

Wafugaji wa Kiborana walikuwa na jibu lao: gorfa, chombo cha maziwa. Wanawake huisuka kwa nyuzi za mimea, wakazikaza hata maziwa yasivuje. Ndani hufukizwa moshi, ambao husafisha chombo na kuyapa maziwa ladha yake. Gorfa ikianguka, unaiokota. Kigae kikianguka, unaokota vipande.

Lakini, msomaji mpendwa, Iznik ina funzo. Mnunuzi wake mkubwa alikuwa ikulu ya masultani, nayo ndiyo iliyopanga bei. Katika karne ya 17 gharama zilipanda, bei ikabaki palepale, oda zikapungua, na kazi ikafifia mpaka ikafa. Mwaka 1993 wakfu uliundwa huko kuutafuta upya ujuzi huo. Wenye kuujua walikuwa wamekwisha kufa zamani.

Leo maziwa ya ngamia hupakiwa basini Isiolo kwenda Eastleigh, Nairobi, katika mitungi ya plastiki. Ni nyepesi, na hatuwezi kumlaumu mama anayetafuta riziki. Hata hivyo, Isiolo ina bahati ambayo Iznik haikuwa nayo: bibi ajuaye kusuka gorfa yungali hai. Ukifika huko, mwombe akuonyeshe inavyoanzwa. Ukiweza, agiza moja. Mcheza kwao hutunzwa.