Nilivuka Mutukula kwa Pikipiki Kutafuta Pistoni

Ndugu msomaji, kama una pikipiki, iwashe kisha utazame nyuma. Moshi ukiwa mweusi, petroli inaingia nyingi mno. Moshi ukiwa wa buluu, injini inakunywa oili. Yangu ilikuwa ikitoa moshi wa buluu mwingi sana. Watoto wa shule walikuwa wakiniona naja, wanaziba pua kabla sijafika.

Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi katika wilaya ya Muleba, upande wa Kamachumu. Pikipiki yangu ni Boxer ya cc 150. Asubuhi hubeba mikungu ya ndizi hadi barabara kuu pale Muhutwe. Mchana hubeba abiria. Sare na madaftari ya watoto wangu wawili hutoka mgongoni mwake. Ikilala siku tatu, nyumbani tunajua.

Fundi aliifungua injini akanionyesha pistoni. Wewe umeona mchi unavyopanda na kushuka katika kinu. Pistoni ni huo mchi, na bloku ndiyo kinu. Pistoni imevikwa ringi za chuma ili oili isipite pembeni. Kinu changu kilikuwa kimelika. Ringi zilikuwa zinacheza kama bangili kwenye mkono wa mgonjwa. Fundi akasema, "Mzee, hapa ni bloku na pistoni mpya. Hakuna dawa nyingine."

Dukani kulikuwa na za aina mbili. Moja ilikuwa ya shilingi 55,000, nyingine ya shilingi 120,000. Nilinunua ile ya 55,000. Ilidumu wiki saba. Moshi ukarudi, na safari hii ulikuja na kelele.

Pale kijiweni tulikuwa sita wenye shida hiyo hiyo. Pikipiki zetu tulizinunua mwaka mmoja, zikazeeka pamoja. Tukakaa chini ya mti tukazungumza. Mmoja akasema kwamba mwenye duka anatunyonya. Pistoni ile ile ya 120,000, ukivuka mpaka hadi Masaka, unaipata kwa chini ya 80,000. Wote tukaitika. Mimi ndiye niliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote. Kila mtu akatoa shilingi 100,000, zikawa 600,000. Tulihesabu kwamba chenji itarudi. Nikachaguliwa kwenda, kwa sababu Kiganda nakisikia. Kihaya na Kiganda ni ndugu, na ukijua kimoja hupotei katika kingine.

Pikipiki niliyopanda ni ya mdogo wangu, kwa sababu yangu isingefika hata Bukoba. Kadi ya pikipiki ina jina lake, hivyo aliniandikia barua ya ruhusa. Nilikwenda Uhamiaji nikakata hati ya dharura ya safari. Hati hii hutumika na mtu asiye na pasipoti anapokwenda nchi jirani. Kisha jirani yangu mmoja aliyewahi kufika Kampala akanionya, "Usisahau kadi ya njano." Nikamjibu kwamba ninayo, ipo kabatini.

Nikaondoka alfajiri na mapema. Lami ni nzuri kutoka Muhutwe kupitia Kemondo hadi Bukoba, na kutoka Bukoba hadi mpakani ni kama kilometa 80. Ukifika Kyaka unavuka Mto Kagera. Pale nilipunguza mwendo. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka sita. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, na daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wa ng'ambo ya mto, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Missenyi, walikimbilia kusini. Baadhi walifika kwetu na mikeka kichwani. Mama aliwapikia ndizi katika sufuria ya harusi. Daraja lililopo sasa ni imara, na malori mazito yanapita juu yake usiku na mchana. Lakini mtu wa rika langu hapiti pale bila kutazama maji.

Baada ya mto nchi inabadilika. Migomba inaisha, yanakuja mashamba ya miwa na mbuga za nyasi. Upepo wa pale unaisukuma pikipiki pembeni kama mkono wa mtu. Shika usukani vizuri.

Kuhusu Mutukula nikueleze kidogo, maana wengi wetu tunapaogopa bila sababu. Zamani uligongewa mhuri upande wetu, ukavuka, ukapanga foleni nyingine kule. Novemba 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni walikizindua kituo cha pamoja. Sasa unasimama mara moja tu, katika nchi unayoingia. Ukiwa unakwenda Uganda, unasimama upande wa Uganda. Katika jengo lile wamo maofisa wa nchi zote mbili. Wa kwetu anakugongea mhuri wa kutoka, wa kwao anakugongea wa kuingia. Tena uwe tayari kupimwa joto la mwili. Mkoa wetu ulipata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na Uganda nayo imepigana na Ebola mara kadhaa.

Ofisa akaomba hati. Nikatoa. Akaomba kadi ya pikipiki na barua. Nikatoa. Akaomba kadi ya njano. Nikaitoa kwa majivuno, maana nilikuwa nimeifunga katika mfuko wa nailoni. Akaitazama, akanitazama, akaanza kucheka. Akasema, "Mzee, hii ni ya chanjo ya homa ya manjano. Hii ni yako wewe. Mimi naomba ya pikipiki."

Kumbe kadi za njano ni mbili! Ya kwanza ni ya afya. Ya pili ni ya bima. Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Ukimgonga mtu Kyotera, haimlipi. Kwa hiyo unakata bima ya nyongeza inayokubaliwa katika nchi kadhaa za ukanda huu, nayo inaitwa Kadi ya Njano. Ilibidi niikate siku ile ile pamoja na kibali cha kuingiza chombo kwa muda. Jumla ikawa shilingi 40,000. Katika hesabu zetu za chini ya mti, hakuna aliyeziweka fedha hizo.

Uganda wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo huna haja ya kujifunza upya. Ingekuwa Rwanda, kupitia Rusumo, ungehamia kulia, na hapo ndipo watu wanapoponzwa na mazoea. Nikapita Kyotera, nikafika Masaka mchana, nikaenda moja kwa moja hadi Nyendo penye maduka ya vipuri.

Fundi wangu alinipa ushauri mmoja ambao nami nakupa. Usiende kununua kipuri kwa kutaja jina tu. Beba kile cha zamani. Nilikuwa na bloku yangu mbovu ndani ya gunia. Duka la kwanza walinipa pistoni wakasema ni ya Boxer. Kweli ilikuwa ya Boxer, lakini ya cc 100. Nilipoitumbukiza katika bloku yangu ilipwaya kama mchi wa mtoto katika kinu cha mtu mzima. Kama ningekwenda mikono mitupu, ningerudi na pistoni sita za bure.

Duka la pili mwenyewe alikuwa mzee. Aliposikia natoka Tanzania, akanisalimu kwa Kiswahili. Akasema alijifunza kwa askari wetu mwaka 1979, walipopita Masaka wakielekea Kampala. Mji wake uliharibiwa sana katika vita ile. Hakunificha hilo, wala hakulisema kwa chuki. Akanipa kahawa ya kutafuna kama tunavyompa mgeni kwetu. Kisha akashusha boksi, akapima pistoni kwenye bloku yangu, akanionyesha namba zilizochongwa juu ya chuma. Bei ilikuwa shilingi 110,000 za Uganda kwa seti moja. Hapo usishtuke. Siku ile shilingi 1,000 za Uganda zilikuwa kama 700 zetu. Kwa hiyo kila seti ilikuwa kama shilingi 77,000 za Tanzania. Seti sita zikawa 462,000. Akaniandikia risiti. Nikalala Masaka, nikiwaza jinsi watakavyonipigia makofi kijiweni.

Kesho yake, kabla sijafika kituoni Mutukula, kijana mmoja alinisogelea. Alikuwa na adabu nzuri. Akasema, "Shikamoo mzee. Boksi hilo nipe mimi. Napita shambani. Nipe 30,000 tu za Uganda, tukutane upande wa pili kwenye chai." Ndugu msomaji, sitakudanganya. Nilizima pikipiki. Nilianza kuhesabu.

Nikamkumbuka baba. Alikuwa na tairi la baiskeli lililotoka ng'ambo kwa njia hizo za shambani, siku ambazo madukani kwetu hapakuwa na tairi wala sabuni. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi. Mitaa mizima ilishikwa na hofu. Usiku baba alilichukua lile tairi akalifukia migombani, chini ya majani makavu. Alikataa kulifukua hata mambo yalipotulia. Mimi ndiye niliyelikuta siku moja kwa jembe. Mchwa na maji vilikuwa vimelimaliza. Miaka yote hiyo baba alikuwa anatembea kwa miguu kwenda mnadani, na tairi analo.

Tena boksi halikuwa langu. Lilikuwa la nyumba sita. Na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki hainyang'anyi mali ya magendo peke yake. Hata chombo kilichoibeba kinaweza kutaifishwa. Pikipiki ile ni ya mdogo wangu. Nikaiwasha, nikaenda kituoni.

Hapo nikajifunza jambo jingine. Nilikuwa nimesikia kwamba tangu mwaka 2005 nchi zetu ziko katika umoja wa forodha, na kwamba mali ya jirani haitozwi ushuru. Nikamwambia ofisa hivyo. Akanijibu kwa upole kwamba nimesema kweli, lakini nusu. Mali iliyotengenezwa au kulimwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza hata kupewa cheti rahisi pale pale mpakani, kama bidhaa yake imo katika orodha. Kisha akaligeuza boksi langu na kuweka kidole. "Soma hapa, mzee."

Nikasoma. Imetengenezwa India.

Niliinunua Uganda, lakini haikuzaliwa Uganda. Ofisa akachukua risiti ya Masaka, akapiga hesabu ya ushuru na kodi, akanipa namba ya malipo. Nikalipa kwa simu shilingi 144,000, nikapewa stakabadhi. Fedha za kikundi zilikuwa zimekwisha. Nilitoa zangu za kahawa.

Siku ya pili yake tulikaa tena chini ya mti. Nikatandika karatasi zote kwenye mkeka, kila moja na jiwe juu yake kwa sababu ya upepo. Pistoni 462,000. Petroli 35,000. Kadi ya Njano na kibali 40,000. Hati ya safari 20,000. Chakula na kulala 30,000. Ushuru na kodi 144,000. Nikamwomba kijana mmoja, ambaye hesabu zake ni nzuri, ajumlishe kwa sauti. Akapata 731,000. Akagawa kwa sita. Akarudia tena, akidhani amekosea. Ilikuwa shilingi 121,833 kwa kila mtu.

Dukani Muleba zilikuwa 120,000.

Hakuna aliyesema neno. Yule mwenye duka tuliyemwita mnyonyaji naye anapita Mutukula, naye analipa, naye ana mafuta na chakula cha njiani. Nilimfikiria siku saba kabla sijakwenda kumwamkia dukani kwake. Nilinunua plagi ambayo sikuihitaji sana.

Wanne walinilipa nyongeza yangu ya shilingi 22,000 kila mmoja, wengine kwa ndizi. Mmoja alisimama akasema, "Baba mkubwa, serikali umeilipa wewe, sisi hatukukutuma kulipa kodi. Njia ya shambani ilikuwepo." Nilimwambia habari ya tairi. Akasema yale yalikuwa mambo ya zamani. Huenda wako wengine pale waliokubaliana naye kimoyomoyo, kwa sababu hawakumjibu.

Mpaka leo hajanilipa. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, anapita mbele ya nyumba yangu na mikungu minne ya ndizi nyuma. Ananipungia mkono. Pikipiki yake haitoi moshi.