Nilimhubiri Mdogo Wangu Kabla ya Kumjulia Hali



Leo sina somo refu. Nina toba. Ninyi mlioko Garsen, Mombasa, Nairobi na Uarabuni mlisikia mahubiri yangu ya mwezi wa saba kupitia ukurasa huu, kwa hiyo toba nayo lazima ipitie hapa hapa. Mtu akikosa mbele ya watu, asijifungie chumbani kutubu.

Fungua pamoja nami Ayubu 2:11-13, kisha Ayubu 42:7-10. Soma kwanza, halafu urudi.

Mdogo wangu wa kunifuata, tumbo moja na mimi, anaishi Muscat, Oman, pamoja na mke wake na watoto wawili. Ni mwaka wa tisa sasa. Hakuondoka Ozi kwa tamaa. Wenyeji mnajua: mto ukipungua nguvu, maji ya bahari hupanda kutoka Kipini na kuingia mashambani. Shamba la mpunga alilogawiwa na baba likageuka chumvi. Miembe ambayo babu alipanda ikakauka ikiwa imesimama. Alienda Mombasa, akajifunza ufundi wa friji na AC, akapata kazi Oman. Baadaye akawavuta mkewe na kijana wao wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa hajafika hata miaka miwili. Wa pili, binti, alizaliwa huko huko.

Maisha yao nilikuwa nikiyajua kwa simu. Huko mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo ibada yao kubwa ni Ijumaa, katika eneo la makanisa la Ruwi, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani kwa ajili ya Wakristo kuabudu. Wanakaa humo Wahindi, Wafilipino na Waafrika, kila kundi na saa yake. Watoto wanasoma shule ya Kihindi kwa sababu ada yake ni nafuu. Jirani yao ni bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, anaongea Kiswahili kitamu kuliko changu, na mke wa mdogo wangu humwita mama. Nilikuwa nikimwambia mdogo wangu, "Umeliishi Yeremia 29. Umejenga, umepanda, umeutakia amani mji uliopelekwa." Naye alikuwa akicheka tu.

Na walikuwa wakitembea. Likizo zikifika, picha zinaingia. Mwaka mmoja walienda Nizwa kuona ngome. Mwaka mwingine wakaenda Sur, mji uliosifika kwa kuunda majahazi, ambako mafundi bado wanachonga mbao. Katika nyumba moja ya zamani alipiga picha ya dari, akaniandikia: "Kaka, dari hili limeshikwa na boriti za mikoko za kwetu." Ni kweli. Majahazi yalikuwa yakipakia boriti pwani yetu na kuzivusha bahari hadi Uarabuni, ambako miti ya kujengea ni haba. Nikaifurahia ile picha mpaka nikaihubiri. Nikasema, zamani tulipeleka boriti, leo tunapeleka watoto, na wote wamebeba nyumba za watu. Kanisa likasema Amina.

Sasa sikilizeni mahali nilipoanguka.

Mwaka huu mvua za mwezi wa nne zilituonyesha kwamba mabati ya kanisa yameisha. Chumvi ya upepo wa bahari imeyala mpaka ukisimama madhabahuni unaona mawingu. Mwezi wa sita nikampigia mdogo wangu. Baada ya "Bwana asifiwe" na sentensi mbili, nikamwambia tunahitaji mabati arubaini, na kwamba Bwana ameniwekea jina lake moyoni. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Nipe muda, kaka." Nikangoja. Wiki ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna.

Mwezi wa saba nafungua simu, naona statasi yake. Picha kumi na moja. Watoto wako kwenye majani mabichi, ukungu umeshuka mlimani, maporomoko ya maji nyuma yao. Picha nyingine wamesimama kwenye kibanda cha kando ya barabara kilichojaa madafu, mikungu ya ndizi na mapapai. Kijana ana dafu mkononi. Mdogo wangu mwenyewe ameuinua mkono kujikinga uso na manyunyu. Chini ameandika: Salalah.

Nikatafuta habari za Salalah. Nikakuta ni mji wa kusini mwa Oman, katika jimbo la Dhofar. Tangu mwishoni mwa mwezi wa sita hadi mwezi wa tisa, pepo za kusi huleta ukungu na mvua nyepesi, na milima yote inageuka kijani. Msimu huo wanauita kharif. Wakati Muscat joto linapita nyuzi 40, Salalah kuna baridi ya kupendeza. Kwa hiyo watu wa Ghuba huenda huko kwa maelfu kupumzika.

Moyo ukaniambia: kumbe pesa ipo. Ya kutembea ipo, ya nyumba ya Mungu haipo.

Jumapili ile nikafungua Hagai sura ya kwanza. Mnakumbuka. Nikahubiri juu ya watu wanaokaa raha katika nyumba zao na hekalu ni gofu. Sikumtaja jina, lakini nilisema "watoto wa kijiji hiki", nikasema "ng'ambo", nikasema "wanakunywa madafu milimani na hapa tunalowa". Nani Ozi hakujua ninamsema nani? Mama alikuwa amekaa kiti cha pili. Aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza. Jioni tukaiweka video hapa. Ikapata watazamaji wengi kuliko mahubiri yangu yoyote.

Mdogo wangu aliitazama.

Alinipigia baada ya wiki mbili, usiku. Kwetu ilikuwa saa nne, kwao saa tano. Nilidhani ataanza kwa hasira. Alisema, "Shikamoo, kaka. Nimesikia neno." Halafu akanieleza pole pole, kama mtu anayesoma risiti.

Tangu mwezi wa pili kampuni inawalipa nusu mshahara. Mwezi wa tano wameambiwa mikataba haitaendelea baada ya mwezi wa tisa. Na huko, viza ya mke na watoto imefungwa kwenye kazi ya mume. Kazi ikiisha bila kupata mwajiri mwingine, familia yote inafunga mizigo. Kitanda na kabati wameshauza. Wamehamia chumba kimoja.

Nikamuuliza, "Na Salalah?"

Akasema gari lilikuwa la rafiki yake wa kanisani, fundi kutoka Kerala, aliyekuwa akienda na familia yake na kubakiwa na nafasi. Walichangia mafuta. Walitoka Muscat usiku wa manane wakapita Nizwa, Adam, Haima, hadi Thumrait, karibu kilomita 1,000, na sehemu kubwa ni jangwa tupu, hakuna mti wala mbuzi. Walibeba wali wao kwenye sufuria. Walilala kwenye mikeka, familia mbili chumba kimoja. Alitaka, kabla hawajaondoka Oman, watoto waione mvua. Binti yake ana miaka sita, na mvua ya siku nzima alikuwa hajawahi kuiona.

Akaniambia, baada ya Thumrait barabara inapanda mlima, na ghafla ukungu unakuja, kioo kinalowa. Watoto wakafungua madirisha na kutoa mikono nje. Waliposhuka mjini wakasimama kwenye kile kibanda. Kijana akatazama minazi, akatazama migomba, akayatazama matope yaliyoshika viatu vyake. Kisha akauliza, "Baba, hapa ndipo Ozi?"

"Kaka," akaniambia, "ile picha niliyofunika uso, haikuwa manyunyu."

Wapendwa, nilikosa neno. Nikamuuliza kitu kimoja tu: kwa nini hukuniambia? Jibu lake ndilo linalonitembeza usiku mpaka leo. Alisema, "Kila nikikupigia, unaniombea niongezeke, halafu unataja mabati. Sikupata mahali pa kuingiza."

Chuoni, kwenye chuo cha Biblia, mwalimu wetu alitukataza jambo moja kila wiki: usichukue mstari mmoja ukaujengea fundisho bila kusoma yaliyo juu yake na yaliyo chini yake. Nilipata alama nzuri sana kwenye somo lile. Nikaja nikachukua picha kumi na moja, nikazijengea mahubiri ya saa nzima, sikusoma kilichokuwa juu wala kilichokuwa chini.

Ndiyo maana tumesoma Ayubu.

Mdogo wangu aliniambia kwamba karibu na Salalah, juu mlimani, kuna mahali ambapo Waislamu wa huko wanapaheshimu kama kaburi la Nabii Ayubu. Walipita hapo, wakavua viatu, wakasimama kimya. Biblia haituambii Ayubu alizikwa wapi. Inatuambia alikaa nchi ya Usi, na nikiwa mdogo nilikuwa nikisoma "Ozi", nikijivuna kwamba tumeandikwa. Lakini najua sasa katika kitabu kile mimi nimesimama wapi. Mimi si Ayubu. Mimi ni mmoja wa wale rafiki.

Tazameni rafiki za Ayubu. Walipofika walifanya jambo jema kuliko yote waliyofanya: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Shida ilianza walipofungua midomo. Na walichosema kilionekana ni neno la Mungu! Walisema juu ya haki, juu ya dhambi, juu ya malipo. Hagai sura ya kwanza nayo ni neno la Mungu. Nililichukua likiwa halina kosa, nikampigia mtu asiyekuwa na kosa hilo. Hapo ndipo mhubiri anapoogopesha kuliko mpagani.

Na mwisho, Mungu aliwaambia nini? Hakuwaambia tu watubu wayamalize. Aliwatuma warudi kwa Ayubu, kwa mtu yule yule waliyemsema, awaombee. Ng'ombe saba na kondoo waume saba walitoka mikononi mwao, lakini maombi yaliyopokelewa ni ya Ayubu. Na kitabu kinasema Bwana aligeuza hali ya Ayubu alipowaombea hao rafiki zake. Maana yake, alikuwa bado hajarudishiwa kitu. Aliwaombea akiwa hana.

Basi usiku ule nikamwambia mdogo wangu, "Mimi ni mchungaji na wewe ni mdogo wangu, lakini leo niombee." Akanyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Kisha akaomba kwa Kipokomo, maneno machache, kama baba alivyokuwa akiomba kabla ya kula. Hakuyagusa mahubiri yangu. Alimwomba Mungu anipe usingizi.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema kila kitu, kwa ruhusa yake. Nikapiga magoti kwa mama. Video tumeiondoa, lakini najua wengine mliituma kwenye makundi. Tafadhali ifuteni, na mkiulizwa, watumieni hili.

Nina maneno mawili kabla sijafunga.

Kwetu tuliobaki nyumbani: ndugu aliye ng'ambo si M-Pesa yenye jina la mtu. Wiki hii mpigie mmoja. Muulize habari za kazi, za watoto, za usingizi, na ukimaliza kuuliza kata simu bila kuomba kitu. Ukiona ni vigumu, basi hali yako ni kama yangu.

Kwenu mlioko mbali: tuonyesheni milima, tunaifurahia. Lakini mtafuteni mtu mmoja nyumbani mumwambie na habari za chumba kimoja. Kama mchungaji wako hana masikio, tafuta shangazi, tafuta rafiki. Usibebe peke yako kama boriti.

Mdogo wangu bado anatafuta mwajiri, na siku zimebaki chache. Ikishindikana, watakuja, na nimeshaanza kusafisha chumba cha mbele. Kijana wake ataiona Ozi yenyewe, yenye chumvi yake na miembe yake iliyokauka, na madafu bado yapo. Mabati bado hatujapata. Jumapili ikinyesha tutasogeza viti upande wa mashariki, kama kawaida.

Tuombe: Baba, tuponye macho yanayohukumu kwa picha. Tupe masikio kabla ya ulimi. Wakumbuke watoto wetu walioko Oman, Qatar, Saudia na Dubai, uwafungulie milango, na wakirudi mikono mitupu, tuwapokee kama ulivyotupokea sisi. Katika jina la Yesu. Amina.

Ubarikiwe. Ukiwa na ndugu ng'ambo, andika jina la nchi aliyoko hapo chini, nami nitamwombea Ijumaa hii, saa ambayo wenzetu wa Ruwi wako ibadani.